Figa Juu ya Altare

Kakule alikuwa mwashi, na tangu Alhamisi alikuwa mfungwa. Inspekta Cirimwami alimkuta ameketi sakafuni mwa kasho, selo ya gendarmerie pale Goma, miguu ameinyoosha, anautazama ukuta wa mbele yake kwa dharau. Kweli ukuta wenyewe ulikuwa umepinda. Lakini mtu anayengoja kupelekwa Bukavu, inspekta aliwaza, angekuwa na mambo mengine ya kutazama.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Kanisa dogo la Kanyaruchinya liliharibika siku volkano ilipomwaga lava, paa likaanguka, na waumini wakaanza kulijenga upya kwa mikono yao. Alhamisi asubuhi, waliokuja kusali waliukuta ukuta wa nyuma ya altare umebomoka, ukuta ambao Kakule alikuwa ameumaliza jana yake tu. Katika kifusi ulionekana mwiko wa mwashi wenye herufi K iliyochomwa kwenye mpini. Ingekuwa zamani, padri angekasirika, watu wangelaumiana siku mbili tatu, kisha ukuta ungejengwa tena. Lakini ujenzi ule ulikuwa umeandikishwa kwenye ofisi ya Chama kama salongo, kazi ya wote kwa faida ya taifa, na kamanda wa gendarmerie, mtu aliyependa jina lake lisikike huko juu, akaandika neno moja kwenye PV yake, hati ya maelezo ya kesi: sabotage, yaani hujuma. Mtu wa sabotage hahukumiwi Goma. Boti lingempeleka Bukavu Jumatatu. Cirimwami alizaliwa Bukavu, na hakukumbuka mtu hata mmoja aliyefikishwa kule kwa neno lile akarudi na meno yake yote.

Leo ilikuwa Jumamosi. Parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, ilikuwa imemtuma athibitishe tu, aweke sahihi, amalize. Bahati mbaya ya kamanda ni kwamba Cirimwami alikuwa na tabia ya kuuliza.

Alimuuliza Kakule kama ndiye aliyeubomoa ukuta. Kakule akarudisha macho ukutani. Akamuuliza kama ana ugomvi na padri, na kamati, na mtu yeyote. Kakule akatikisa kichwa. Mwisho akamuuliza mwiko wake ulifikaje chini ya mawe.

"Niliusahau kule kazini," alisema Kakule. "Andika vile."

"Ulisahau mwiko wako?"

"Mutu anasahau, Citoyen Inspekta. Andika."

Alilisema haraka, kama mtu aliyelirudia neno lile kichwani siku nzima. Inspekta akaandika, kwa sababu aliombwa, lakini hakuamini.

Mlangoni inspekta alipishana na mke wa Kakule. Kanyere alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye macho yasiyotulia, na alikuwa ametoka Kanyaruchinya kwa miguu na sufuria ya maharagwe kichwani. Gendarme wa zamu, Hategekimana, alisema kwamba mama huyu huja asubuhi na jioni, wala haondoki mpaka amwone mumewe amekula tonge la mwisho. Akaongeza, akicheka, kwamba tangu aingie kasho Kakule ameanza kunenepa. Inspekta yeye aliangalia kitu kingine. Nywele za Kanyere zilikuwa zimesukwa upya. Kitenge chake kilikuwa kile cha kuweka sandukuni, na alinukia sabuni. Mume anangoja boti la Bukavu, mke amejipamba kama wa kwenda arusini. Hilo nalo alilibeba kichwani.

Kanyere alimwambia inspekta, bila kuulizwa, kwamba akitaka mkosaji amtafute Célestin, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Célestin alitaka shemeji yake ndiye apewe kazi ya uashi, akakosa, na tangu siku ile anamtazama Kakule kwa jicho baya. Kisha akamgeukia Hategekimana, akashusha sauti, lakini haikushuka vya kutosha.

"Mwanamuke mwingine akikuja hapa na chakula, usipokee. Sumu iko nyingi inje."

"Mwanamke gani mwingine?" inspekta akauliza.

"Nimesema tu," alijibu Kanyere, na akaanza kufungua kitambaa cha sufuria.

Gari la parquet halikuwa na mafuta, kama kawaida yake. Cirimwami alidandia lori lililokuwa linapanda njia ya Rutshuru, akashushwa Kanyaruchinya akiwa na vumbi jeusi hadi kwenye kope. Waumini walikuwepo, wanaume kwa wanawake, lakini hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Walikuwa wamesimama kulizunguka kanisa lisilo na paa kama watu waliofiwa. Padri, mzee mwenye kikohozi, alimpokea, akamweleza jambo ambalo kamanda hakuona haja ya kuliandika.

Ukuta ule haukuwa ukuta wa mawe ya kuokota. Nyumba nyingi za sehemu ile ziliungua lava ilipopita, na familia zilizonusurika zilikubaliana kwamba kila moja itatoa figa moja la jiko lake la zamani, jiwe lililobeba sufuria ya nyumba kabla ya moto, liwekwe nyuma ya altare. Mafiga mawili yabaki na wenyewe, la tatu likae na Mungu. Padri alisema hakuwafundisha yeye. Wamama ndio walioamua, na yeye akaona ni vizuri.

"Basi wamama wayatafute mafiga yao," alisema Cirimwami.

Padri hakuelewa, lakini wamama walielewa mara moja. Waliingia kwenye kifusi, wakainama, wakaanza kugeuza mawe. Kwa macho ya inspekta mawe yote yalikuwa jiwe moja, jeusi na lenye vitundu. Kwao haikuwa hivyo. Mwanamke aliyepikia jiwe miaka mingi analijua pale sufuria ilipokuwa ikikaa na pale mtoto alipomwaga maziwa. Mmoja aliliinua lake akalifuta kwa kitenge. Mwingine alilikalia kabisa ili mtu asilichukue. Jua lilipokuwa kali kila familia ilikuwa imeliona figa lake, isipokuwa moja.

Émérance alikuwa amebaki katikati ya kifusi peke yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye asili ya milima ya Masisi, na bado alivaa kitambaa cheusi kwa ajili ya mumewe aliyekufa siku ya lava. Alitafuta polepole, hakulalamika. Wanawake wenzake walimwambia labda limesagika. Cirimwami alijua kwamba jiwe la lava halisagiki likawa hewa.

Aliuliza figa la Émérance lilikuwa wapi ukutani. Wakamwonyesha kwa vidole: katikati kabisa, juu ya altare, mahali macho ya kila mtu yanapokwenda. Akauliza nani alichagua mahali pale. Kakule, wakasema. Akauliza kama kulikuwa na sababu. Hapo wanawake wakatazamana, na mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Inspekta alikuwa amefanya kazi hii muda wa kutosha kujua tofauti ya vikohozi.

Alirudi kuutazama ukuta wenyewe. Anayetaka kuangusha ukuta huusukuma, au huuchimba chini. Huu mistari yake ya chini ilikuwa bado imesimama sawasawa. Uwazi ulianzia juu, katikati, pale pale lilipokuwa jiwe la Émérance, na mengine yalikuwa yameporomoka kulifuata kwa sababu saruji ilikuwa bado mbichi. Kisha akaamuru mawe ya mwisho yaondolewe. Chini yake likatokea benchi la wanakwaya, limevunjika mgongo lakini miguu ingali chini. Benchi lile liliwekwa pale kabla mawe hayajaanguka. Mtu alipanda juu yake.

Kakule alikuwa mrefu kuliko mlango wa kasho. Angelifikia jiwe lile akiwa amesimama chini, bila hata kunyanyua visigino.

Cirimwami alianza kujisikia vizuri. Aliyekuja hapa hakuja kuvunja kanisa. Alikuja kuchukua jiwe moja, alikuwa mfupi, na hakujua saruji inachukua muda gani kukauka. Ukuta ulianguka kwa ajali tu.

Hata hivyo Célestin alistahili kuulizwa. Alimkuta nyuma ya kanisa akiwaamuru watu wawili waliokuwa wanapanga mbao, mwanamume wa tumbo, koti lake la abacost limembana shingoni. Célestin hakuficha kitu. Alisema ndiyo, alimtaka shemeji yake, na shemeji yake angejenga vizuri zaidi, na ukuta wa Kakule hata kabla haujaanguka yeye aliuona kama umeinama. Alisema wanawake wa parokia walikuwa wanamsifu yule mwashi kupita kiasi, Kakule huku, Kakule kule, wakati mbao zinaletwa na Célestin na hakuna anayemwambia hata aksanti. Inspekta akamuuliza alikuwa wapi usiku wa Jumatano.

Alikuwa Rutshuru, akitafuta mbao hizo. Dereva wa lori lililozileta na wapakuaji hao wawili wakakubali wote pamoja kwamba walirudi naye Alhamisi mchana, na kwamba njiani aliwachosha kwa kuimba.

"Lakini waliponiambia ukuta umeanguka," alisema Célestin, akijifuta jasho, "nilifurahi, Citoyen Inspekta. Kidogo. Mungu anisamehe."

Huyo alikuwa na wivu wa kutosha kubomoa kanisa kuu, Cirimwami aliwaza, lakini ulikuwa wivu wa mdomo. Naye alikuwa mrefu. Akamfuta katika orodha yake.

Nyumba ya Kakule ilikuwa karibu, ya mbao na mabati, na jiko lake la nje lilikuwa linafuka moshi. Kanyere alikuwa amesharudi kutoka mjini na kubandika chakula cha jioni. Alipomwona inspekta alipangusa mikono, akampa kigoda, akamuuliza kama Célestin ameungama. Cirimwami akaketi. Alisema Célestin hakuwepo, kisha akaanza kulaumu, taratibu, kama mtu aliyechoka. Alisema shida ni Kakule mwenyewe. Fundi gani anaacha mwiko wake kazini usiku kucha? Fundi mzembe hivyo, hata Bukavu hawatamhurumia.

Kanyere alinyanyuka kana kwamba amechomwa.

"Muzembe? Bwana yangu? Ule mwiko haulalake inje hata siku moja. Analeta hapa, anausafisha, anaweka chini ya kitanda. Hata Jumatano aliuleta, miye mwenyewe ni—"

Maharagwe yaliendelea kuchemka. Inspekta hakumkimbilia, maana neno lilikuwa limeshatoka na halikuwa na mahali pa kurudi. Juu ya kitanda kile walilala watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa mrefu.

Aliyageuza macho yake kwenye jiko. Sufuria ilikaa juu ya mafiga matatu. Mawili yalikuwa ya duara, yamepakwa masizi kote. La tatu lilikuwa pana zaidi, sufuria ililiegemea vibaya, na kwenye ukingo wake, chini ya masizi mapya, kulikuwa na mstari wa kijivu ulioganda. Jiwe la kupikia halina sababu ya kuwa na saruji.

"Mama Kanyere, teremsha sufuria."

"Maharagwe hayajaiva."

"Basi tutangoja yaive."

Wakangoja. Hakuna kitu kigumu kama kukaa na mtu asiyekuuliza lolote huku sufuria yako ikichemka juu ya kosa lako. Kanyere alikoroga, akaongeza chumvi, akakoroga tena. Akasogeza ukuni ambao haukuhitaji kusogezwa. Hatimaye akaketi chini, mwiko wa kupikia mkononi, akaanza kusema akilitazama jiko.

"Bwana yangu alienda kumuchimbulia Émérance ile figa yeye mwenyewe. Asubuhi muzima. Yangu nilijichimbulia miye, kucha zangu zikakatika. Na yangu aliiweka wapi? Chini, kwa pembe, pa kuegemeza fagio. Nikamuuliza juu ya nini. Akaniambia figa yangu ni munene, inabeba ukuta. Nikamuambia, na ya Émérance inabeba nini? Akasema, ile ni muzuri kwa macho." Aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Kwa macho, Papa Inspekta. Kila Siku ya Mungu miye nitapiga magoti, bwana yangu kandokando yangu, na sisi wawili tunatazama figa ya ule mwanamuke. Mupaka nitakufa."

Alisema hakutaka ukuta uanguke. Alitaka jiwe tu. Aliondoka kabla hapajapambazuka, mumewe angali amelala, akautumia mwiko kulichokoa, jiwe likatoka kwa urahisi, naye akafurahi, kisha akasikia mengine yanaanza kusogea. Aliruka kutoka kwenye benchi, akakimbia na jiwe, na mwiko ukabaki.

Cirimwami akamuuliza kwa nini hakulitupa. Kanyere alimtazama kama mtu aliyetukana. Figa la nyumba ya mtu halitupwi, alisema, hata mwizi hatupi, njaa inaweza kukufuata wewe na wanao. Ukiwa nalo unalipikia. Basi akaondoa moja la kwake akaliweka hili.

"Na bwana yako ukamwacha kasho."

"Nilijua watamuachilia tu. Hakufanya kitu." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na kule kasho anakula mukono yangu. Hakuna mwingine anamuletea. Ananingojea, Papa Inspekta. Kwa nyumba hajapata kuningojea vile."

Hapo inspekta alielewa nywele zilizosukwa na kitenge cha sandukuni. Alimwonea huruma, na hakuacha huruma ile imzuie. Alimweleza habari za boti la Jumatatu, na neno alilolitumia kamanda, na maana yake. Alimweleza kwamba Kakule hakusahau mwiko popote, kwamba alidanganya kwa sababu alijua nani mwingine analala juu ya kitanda kile, na kwamba angelibeba neno lile mpaka Bukavu bila kumtaja. Kanyere alisikiliza, machozi yakamtoka, lakini hakuinuka. Alisema labda padri anaweza kuomba. Labda Célestin anajua watu.

Cirimwami akaona hakuna budi.

"Mama, tangu Alhamisi unampikia Kakule juu ya jiwe gani?"

Kanyere aligeuka kulitazama jiko. Kila tonge alilomlisha mumewe, asubuhi na jioni, akilisubiri lishuke kooni, lilikuwa limetoka kwenye jiko la Émérance. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anabeba sufuria. Uso wake ulikunjamana, akatoa sauti ambayo inspekta hakupenda kuisikia tena, na akaiteremsha sufuria kwa mikono mitupu bila kutafuta kitambaa.

"Andika," alisema. "Andika yote, tuende."

Alikataa kumwachia inspekta jiwe. Alilimwagia maji, akalifunga kwenye kitenge, akalibeba mgongoni mpaka kwenye njia kuu, wakapata lori la ndizi lililokuwa linashuka Goma. Njiani Cirimwami aliandika PV mpya magotini mwake: ugomvi wa nyumbani, wivu wa mke, ukuta kuanguka bila kukusudiwa. Jambo kama hilo ni la mahakama ya mtaa. Kanyere angepewa adhabu, pengine angebeba mawe ya kanisa mpaka achoke, na wanawake wangemsema kisimani kwa miaka. Lakini hakuna mtu anayepandishwa boti kwa ajili ya wivu.

Kamanda aliisoma PV akiwa amenuna. Sabotage ilikuwa kesi ya kumpandisha cheo, na sasa alikuwa na wanawake wawili na figa. Akatafuta kasoro, akaikosa. Akasema karatasi haina nguvu mpaka mke aweke kidole, na mfungwa awepo asikie alichoandikiwa. Akamtuma Hategekimana amlete Kakule.

Kanyere alikuwa amesimama mbele ya meza. Jiwe alikuwa ameliweka juu ya meza ya kamanda, kwenye kitenge chake, na kidole gumba chake kilikuwa kimeshapakwa wino. Mlango wa nyuma ukafunguka. Kakule akaingia, akiinama kukwepa kizingiti cha juu, na Cirimwami akamsomea PV yote kwa sauti ya kawaida: mwiko wa chini ya kitanda, benchi, jiwe, jiko. Alipomaliza alimwambia kwamba mke wake akiweka kidole pale, yeye ni mtu huru.

Kakule hakumtazama mke wake. Alikwenda moja kwa moja mezani, akakifungua kile kitenge, akaliinua jiwe kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akapitisha kidole ukingoni, taratibu, upande huu na upande ule, akitafuta ufa. Akapuliza masizi. Na uso wake, ambao tangu Alhamisi ulikuwa umefungwa kama dirisha la nyumba ya msiba, ukafunguka.

"Haikupasuka," alisema.

Kanyere alimgeukia inspekta, kidole chake cheusi kikiwa hewani.

"Umeona, Papa Inspekta?"

Cirimwami aliona. Angeweza kusema kwamba mwashi hulipenda jiwe zuri kama mchungaji anavyompenda ng'ombe, na kwamba haimaanishi lolote. Angeweza pia kukosea. PV ilikuwa na nafasi tupu chini, iliyoandikwa maoni ya mpelelezi, na hakuwa na neno la kuweka pale. Alimsogezea karatasi.

Kanyere aliitazama kwa muda. Angeweza kuondoa mkono wake, na boti la Jumatatu lingempeleka Kakule mahali ambapo hakuna altare wala Émérance. Kila mtu chumbani alilijua hilo, isipokuwa Kakule, ambaye alikuwa bado anafuta masizi kwa mkono wa shati. Kisha Kanyere alikandamiza kidole kwa nguvu kiasi kwamba karatasi ilikunjamana.

Hategekimana akafungua mlango wa mbele. Kakule akatoka wa kwanza, amelikumbatia jiwe.